Nyumba ya Chokaa Kwenye Nyasi

Jumatatu, 30 Septemba

Bibi wa Kireno amenipa daftari hili la miraba, kama lile wanaloandikia watoto hesabu, akasema niandike kila siku kinachotokea ndani ya nyumba yake. Nikamuuliza kwa lugha gani. Akasema yoyote, moyo wako unavyopenda. Basi moyo wangu umependa Kiswahili, ambacho yeye hajui hata chembe, kwa hivyo nitamsema ninavyotaka. Siku akipata mtu wa kumfasiria, ewe mfasiri, salamu nyingi, na usiniongezee chumvi. Ninayo yangu.

Mimi ni Muhiddin, mtu wa Kibokoni, Mombasa. Miaka sabini na sita. Darasa la tano niliondoka kabla ya kufukuzwa. Hapa Thamesmead, London, nimekaa miaka thelathini na moja, ghorofa ya tisa, na jengo letu sasa litavunjwa. Tuko humo wazee kumi na wawili, kila mmoja anaishi peke yake. Tumeambiwa mambo ni mawili: ama tutawanywe, huyu huku na yule kule, popote patakapopatikana chumba, ama tujengewe nyumba moja ya wote hapa chini, kwenye nyasi kando ya ziwa. Kamati ya halmashauri ndiyo itakayoamua, tarehe tano Desemba.

Nyumba ameichora Graça Sobreira, huyu bibi, umri wake sitini na tisa, ana ofisi ya watu wanne juu ya gereji huko Peckham. Na nyumba ipo tayari. Haina kuta wala paa. Imepigwa chokaa kwenye nyasi kwa ukubwa wake kamili: vyumba kumi na viwili vimezunguka ua, jiko moja kubwa, ukumbi, na korido. Ndiyo kazi yake anavyoifanya. Kabla ya kujenga huilaza nyumba chini msimu mzima, wenyewe waingie watoke, waizoee. Mvua ikifuta, kuna mtu wa kuchora upya. Mtu huyo ni mimi, kwa kuwa niliwahi kusema mbele yake kwamba ujanani nilishikia mafundi ngazi. Nimepewa kigari cha kupigia mistari ya uwanja wa mpira, na kofia.

Masharti mawili. Mistari nisiisogeze, nikiona tatizo nimwambie. Na upande wa kaskazini kuna kigingi cha njano: chini ya hapo linapita bomba kuu la maji machafu, nyumba isivuke hata kidole. Kamati itakuja na mpimaji wake.

Nikamwambia, "Bibi, mimi ni mtu wa kuaminika sana." Akacheka. Simjui bado, lakini anacheka vizuri.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Nimechora.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Nimechora. Mbwa wa Griffins, jirani wa ghorofa ya pili, amekojoa ukumbini.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo Bibi Graça alitutembeza. Wazee walivaa kama wanaokwenda harusini. Alitupitisha mlango hadi mlango, anafungua vitasa vya hewa, anatuonyesha jua litakapoingilia. Kila alipouliza tunaonaje, niliwafasiria wasiokisikia Kiingereza vizuri, na jibu lilikuwa moja: nzuri, nzuri sana, Mungu akubariki.

Mama Emérence wa Bukavu, mlango wake unatazamana na wangu, ameogesha wazee wa watu miaka ishirini mpaka na yeye akawa mzee. Alisimama jikoni akakunja mikono kama anayesonga ugali. Kiwiko kikatoka nje ya ukuta. Akaniangalia, nikamwangalia.

"Muambie iko muzuri," akasema.

"Mama, kiwiko chako kimo kwenye korido."

"Muambie iko muzuri, weye! Mutu anakuletea nyumba, unamuambia kiwiko?"

Nikamwambia Bibi kwamba Mama amefurahi hana la kusema.

Douglas naye, nesi mstaafu, Mkenya wa bara mwenye kifua cha mbeba mizigo na kiti cha magurudumu, alifika mwisho wa korido akajaribu kugeuka. Akakanyaga kuta mbili. "Poa kabisa," akamwambia Bibi kwa tabasamu la meno yote. Halafu akanivuta shati. "Mzee wangu, hapo mimi nikiingia natoka na rivasi hadi Krismasi."

"Mwambie mwenyewe."

"Aii, siwezi. Angalia vile amefurahi."

Na mimi sikusema. Amekuja na ramani zake chini ya kwapa, nywele zimemlowa, viatu vimejaa matope, halafu nimwambie korido yako mbaya? Hata mimi nina mipaka.

Nilipokuwa namsindikiza kwenye basi nilimtania. "Babu zenu walikuja kwetu wakajenga ngome bila kutuuliza. Wewe umekuja kuuliza miaka mia nne baadaye."

"Mimi ni mzito wa kufika," akasema. "Ngome ilikuwa nzuri?"

"Jela nzuri sana. Mlituachia na maneno, meza, leso na karata, kwa hivyo hatuna kinyongo."

Jumamosi, 12 Oktoba

Kuna jambo la ajabu. Kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya tisa, nyumba naiona yote kwa juu kama mtu aliyenyanyua kifuniko cha sufuria. Leo asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba wa kupanda kutoka ziwani, na chokaa kikawa kinaelea. Mama Emérence alitoka na kiti na ndoo ya viazi. Angeweza kukata katikati ya nyasi. Hakukata. Alizunguka mpaka mlangoni, akavua viatu, akapita korido, akaingia jikoni, akakaa kumenya. Mbwa wa Griffins alifika kwenye mstari wa ukumbi akasimama, mguu mmoja juu, akafikiri, akageuka.

Nilishuka nikambishia hodi.

"Karibu," akasema, hakuinua macho. "Funga mulango, baridi inaingia."

Nikaufunga.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ilifuta ukuta wa jiko wote. Nimeuchora upya. Mkono ulitetemeka kidogo upande wa korido. Kama vidole vinne hivi.

Mama Emérence amesonga ugali wa hewa, kiwiko kimekaa ndani. Hakuniuliza kitu. Jioni nimekuta sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mlangoni kwangu, imefunikwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Vidole vinne vingine. Sombe na samaki.

Jumapili, 20 Oktoba

Sasa jiko limekula korido, na Douglas amegundua.

"Mzee wangu, hii korido ilikuwa mbaya, sasa imekuwa bomba la moshi. Nani amesogeza ukuta?"

"Ukuta upi, Douglas? Mimi naona nyasi."

"Usinichezee. Wewe ni mtu wa Mombasa, nakujua. Nitakuripoti kwa madam."

"Mripoti. Mwambie na ile poa kabisa uliyompa."

Akatazama magurudumu yake. "Mimi si mtu wa fitina," akasema kwa upole. "Nataka tu kugeuka. Nikitoka chumbani nitake kwenda huku, halafu nibadili mawazo. Mtu ana haki ya kubadili mawazo kwake."

Hilo lilinichoma kuliko kelele. Leo nimesukuma ukuta wa vyumba vya kaskazini hatua moja nzima ili korido ipumue. Na vyumba, visije vikawa vifupi, nimevisukuma mgongo kuelekea kigingi cha njano.

Bado hatujakifikia. Kimebaki kama urefu wa kiatu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bibi Graça alikuja peke yake. Nilitoka jasho kwenye baridi nikidhani ataona, lakini hakupima. Alikaa katikati ya ua kwenye kiti cha kukunja, akafumba macho, akaniomba nimweleze nani yuko wapi saa hii. Nikamweleza: Mama Emérence jikoni, Douglas kwenye korido anakwenda na kurudi bila sababu, wengine ukumbini wanagombania dirisha ambalo halipo. Nilitia na chai, tukanywa.

Siku za mwanzo nilimwona kama bibi mwenye akili za likizo. Leo ndipo aliponipa kisa chake, nami nakiandika hapa kama alivyokisema.

"Nilikuwa na miaka ishirini na tisa," alisema. "Nilijenga nyumba arobaini juu ya kilima nje ya Porto, za wafanyakazi wa kiwanda cha samaki wa makopo. Madirisha makubwa, yote yanatazama bahari. Picha zilifika mpaka Japani. Nikapewa tuzo, nikapewa wanafunzi, nikanunua koti. Baada ya miaka kumi nikarudi kutembea tu. Madirisha thelathini na manne yalikuwa yamezibwa kwa matofali."

"Wezi?"

"Upepo. Ulikuwa unaingia mpaka vitandani. Nikamuuliza mama mmoja, mbona hamkusema siku ile nilipowaonyesha ramani? Akanishika mkono. Akasema, bibi, ulikuwa umefurahi mno."

Tangu hapo, anasema, ramani ya karatasi haiamini. Alianza kulaza nyumba chini kwa kamba, baadaye kwa chokaa. Wenzake walimcheka, wakamwita fundi wa viwanja vya mpira. Alikuja London miaka ishirini iliyopita kwa maktaba moja, akabaki. Amejenga maktaba hiyo, vyumba vya kubadilishia nguo vya bwawa la kuogelea, na kanisa dogo ambalo paa lake linavuja.

"Ila linavuja mahali pazuri," akasema.

Nyumba ya watu kulala hakupewa tena, miaka thelathini. Hii ndiyo ya kwanza. Kamati ikikataa, atafunga ofisi ya London arudi kwa dada yake kulima kabichi. Hakulia wala nini. Alisema kama anayetaja saa ya treni.

Neno lilinifika mdomoni. Bibi, ukuta wa jiko. Bibi, korido. Nikalimeza pamoja na chai, kwa sababu alikuwa ameketi katikati ya ua wake macho yamefumba, na uso wake, naapa, ulikuwa umefurahi mno.

Jumapili, 27 Oktoba

Wamerudisha saa nyuma. Wazungu wanadhani na jua litatii.

Jumanne, 5 Novemba

Bibi ameenda Porto mpaka mwisho wa mwezi, kufunga hesabu za ofisi ya kule. Binti yangu Swafia amepiga simu kutoka Kenton, upande wa pili wa London. "Baba, come and live with us, please. Chumba kipo." Chumba kipo, ndiyo, na zulia jeupe, na nyumba kimya mchana kutwa mpaka nasikia friji ikifikiri. Nikamwambia nina kazi ya ujenzi.

"What construction, Baba? It's grass."

Jumatatu, 11 Novemba

Nakiri hapa maana hapa hakuna anayesoma.

Chumba changu ni cha kumi na mbili, mwisho wa safu ya kaskazini. Alivyokichora Bibi, dirisha linaona nusu ya ziwa na nusu ya pipa la taka. Nimelala chini ndani yake kwenye nyasi, mgongo ukilowa, nikaangalia. Kingesogea mbele kidogo, kukipita kigingi, pipa lingetoka na ziwa lingeingia lote. Asubuhi ingeamka ndani ya maji. Nimezaliwa karibu na maji, nimefanya kazi melini, kisha miaka ishirini na mbili nimesafisha mabehewa ya treni humu chini ya ardhi. Nilidhani nina haki ya ziwa.

Kigingi cha njano kilikuwa pale. Nilikitazama, nacho kikanitazama. Mvua ilikuwa imelainisha udongo.

Kilitoka kama jino la mtoto.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Nimechora. Ziwa lote.

Jumamosi, 16 Novemba

Ukungu siku ya tatu. Ukiwa ndani ya nyumba huoni nje, unaona mistari tu na sauti za watu. Mtu anakohoa chumba cha tano. Mtu anaimba tenzi za kanisani chumba cha nane. Mmoja ametundika pazia kwenye fimbo mbili. Nilikaa chumbani kwangu kwenye ndoo nikaona, kweli nikaona, kitasa cha shaba mlangoni na kivuli cha mtu chini ya mlango kikipita. Nikasikia mvua juu ya paa. Hapakuwa na mvua. Sijui nilisinzia. Nilipoinuka niligusa ukuta ili nisianguke, na sikuanguka.

Ijumaa, 22 Novemba

Sina raha. Kila nikipita pale kilipokuwa kigingi naangalia pembeni.

Jumapili, 1 Desemba

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanzia asubuhi.

Bibi Graça alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja na sanduku lake. Alikuwa na utepe wa kupimia, ule wa zamani wa kitambaa. Akaniambia, "Shika mwisho huu, Muhiddin, tuhakikishe kabla ya Alhamisi." Nikashika. Tukapima jiko. Akatazama utepe. Akapima tena. Tukapima korido. Uso wake unazidi kuwa mweupe kama mistari yenyewe. Tulipofika kaskazini alitafuta kigingi.

"Kiko wapi?"

Jamani, mimi nina majibu ya kila kitu. Nilianza: mbwa wa Griffins, bibi, unajua mbwa yule... Aliniangalia tu.

"Niliking'oa," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza jiko. Kiwiko. Nikamweleza Douglas na kugeuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofikia chumba changu nilisema haraka haraka, nikitazama viatu.

Nilidhani atanitukana. Ningependa anitukane. Aliketi juu ya sanduku lake katikati ya korido.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "niliwauliza wote. Wewe ndiye uliyenifasiria. Walisema nini?"

"Walisema nzuri."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Basi umeziba madirisha yangu," akasema. "Umeyaziba kabla hata sijayajenga. Miaka thelathini nalaza nyumba chini ili mtu mmoja tu aniambie usoni kwamba nimekosea. Nikakupa na daftari!"

"Ulikuwa umefurahi," nikasema.

Hapo ndipo alipopiga kelele. Kwa Kireno. Sikuelewa hata neno na nilielewa yote. Mama Emérence alitoka jikoni mbio na kijiko mkononi, Douglas akaja, na wengine wakatoka kila mtu chumbani kwake, kupitia milango. Bibi alipochoka alisema kwa Kiingereza kwamba mpimaji wa kamati akija Alhamisi akakuta nyumba juu ya bomba, hapatakuwa na kura, ni kwaheri. Anaweza kuirudisha kama alivyoichora mwanzo. Inatosha ndani ya mpaka, vyumba kumi na viwili. "Lakini sasa najua ni mbaya," akasema. "Mnataka nijenge nyumba ninayojua ni mbaya?"

Watu wakatazamana. Nikaona mdomo wa Mama Emérence unaanza kufanya ile kazi yake ya adabu. Nikamwahi.

"Mama, mwambie kiwiko."

"Weye unyamaze. Nilisikia yote, mwizi ya ziwa."

"Mwambie!"

Akamgeukia Bibi, akasimama wima, akasema kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole, kama anayevua nguo mbele ya daktari: jikoni kwako siwezi kusonga ugali. Samahani. Siwezi.

Douglas akasema, "Madam, na mimi nilikudanganya. Nilisema poa."

Halafu ikawa kama bomba limepasuka. Choo kiko mbali. Ukumbini hakuna pa kuweka maiti mtu akifa. Dirisha la tatu linaangalia dirisha la nne, na mimi kuvaa mbele ya huyu, hapana. Bibi alitoa penseli akawa anaandika kwa kasi, machozi yanamtoka, anaandika.

Jumatatu, 2 Desemba

Tumeshinda kwenye nyasi kutwa, kamba na ndoo. Jiko limebaki pana. Korido imebaki pana. Kigingi kimerudi mahali pake, nimekipigilia mimi kwa nyundo, wote wananitazama. Kwa hivyo safu ya kaskazini imekuwa fupi, na sheria ina kipimo cha chumba, hakipungui. Bibi alichora akafuta, akachora akafuta. Ua hataki kuugusa, bila ua vyumba vya ndani vitakuwa giza. Mwisho akasema vyumba vinne vya kaskazini haviingii. Vitatu vinaingia, vipana na vifupi, vizuri. Jumla kumi na moja.

Sisi tuko kumi na wawili.

Kila mmoja akawa na shughuli na vifungo vyake. Nilijua kwamba wakiachiwa, watasema kwa adabu zao turudishe ya kwanza, ni nzuri sana, Mungu akubariki.

Nikachukua ufagio na ndoo ya maji nikaenda mwisho wa safu. Chokaa cha siku nyingi hakitoki vizuri, lazima usugue. Nilianza na dirisha. Mama Emérence akaja akasimama kwenye mstari, hakuingia.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha chumba changu."

"Muhiddin." Hajawahi kuniita hivyo bila mzee mbele. "Tutapiga kura. Tutaona."

"Kamati ndiyo ya kupiga kura. Mimi nina zulia jeupe linaningoja Kenton. Sogea mama, unanizibia mlango."

Akasogea. Nikausugua na mlango.

Alhamisi, 5 Desemba

Walikuja saba, na mwenyekiti wao Nancy mbele, mama mrefu mwenye buti za mpira na karatasi ndani ya plastiki. Mpimaji akaenda kwenye kigingi chake akapima, akapima tena, akatikisa kichwa kukubali. Nancy, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali na yeye mtu wa shughuli, akaelekea moja kwa moja tulikokuwa, kukata katikati.

"Ukuta!" tukapiga kelele wote kumi na wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Alisimama. Mguu mmoja juu, kama yule mbwa. Akatazama chini, akatutazama sisi. Douglas alikuwa amejishika moyo. Basi Nancy akaurudisha mguu polepole, akazunguka nje ya nyumba yote mpaka mlangoni. Akafuta buti kwenye nyasi, akaingia. Na wale sita nyuma yake wakafuta buti, mmoja mmoja, wakaingia.

Baada ya hapo hawakuvuka mstari hata mmoja. Mama Emérence aliwaonyesha kiwiko. Douglas aliwageukia mara nne. Nancy alipita chumba hadi chumba akiuliza hiki cha nani, na mwenyewe anajibu. Alipomaliza cha kumi na moja akafika kwenye nyasi tupu niliposimama na ufagio.

"Na wewe," akaniuliza, "chako kipi?"

Nilikuwa na mzaha tayari. Nilikuwa nao tangu Jumatatu. Haukutoka.

"Mimi ni fundi," nikasema. "Fundi halali kwenye jengo."

Bibi Graça alikuwa nyuma yangu. Alikuwa hajanisemesha tangu Jumapili isipokuwa vipimo. Alinishika kwapa, akaniegemea, kama watu wawili waliochoka wakingoja basi.

Ijumaa, 6 Desemba

Imepita. Kura nne kwa tatu. Wachimbaji wanakuja Machi.

Bibi alipiga simu mwenyewe kunipa habari. Nikamwambia kabichi za dada yake zimepata afueni. Akasema daftari analitaka, ameshampata mfasiri. Nikamwambia limelowa.

Swafia anakuja kunichukua baada ya Krismasi. Nimemwambia atandike gazeti juu ya zulia.

Jumapili, 8 Desemba

Upepo mkubwa jana kutwa, na mvua ya kupiga kutoka ubavuni. Leo asubuhi nilipoangalia dirishani nyumba ilikuwa haipo. Hata alama. Nyasi tu, na maji yamesimama hapa na pale, na Mama Emérence katikati yake, koti juu ya koti, na sufuria ya chai mkononi, anageuka huku na huku kama mtu aliyeteremka kituo sicho.

Simu ikalia.

"Mzee, shuka. Jiko yangu imepotea."

"Kamati imeshapitisha, mama. Hatuhitaji tena mistari."

"Weye haunisikie? Minasimama inje kwenye mvua na sufuria. Minaweka wapi?"

Nilishuka na kigari. Nilianza kwenye kigingi cha njano, nikapima kwa utepe wa kitambaa alioniachia Bibi, sentimita kwa sentimita, magoti yanalia. Korido, pana kama alivyotaka Douglas. Jiko, kiwiko kwa kiwiko. Mama Emérence alisimama ndani wakati ukuta unamzunguka, chai inafuka, na akawa anazidi kuonekana yuko nyumbani kadiri chokaa kinavyokaribia kufunga. Mimi nilikuwa nje, kwenye nyasi.

"Ingia basi," akasema. "Chai inapoa."

Nikamwambia angoje, mlango bado sijauchora.